Swichi ikiungua, kazi imelala

Jioni inapoingia, hebu pita Kibera Drive kutoka Makina hadi Olympic, kisha ufike Kawangware, stejini 46 au kule Gatina. Utaona mkururo wa bodaboda zikisubiri abiria, nyingi zimepambwa kwa taa mbili tatu za ziada, honi ya kutisha, chaja ya simu na pengine redio. Madoido hayo yanapendeza, na taa kwa hakika zinasaidia, maana vichochoro vingi vya mitaa hiyo ni giza totoro. Lakini je, msomaji mpendwa, umewahi kujiuliza umeme wote huo unapitia wapi?

Katika pikipiki nyingi unapitia mahali padogo mno, yaani ndani ya swichi ya ufunguo. Kutoka kwa betri umeme huja kwenye fyuzi kuu, kisha kwenye swichi hiyo, ndipo ugawanywe kwa taa, honi na vinginevyo. Aliyeunda pikipiki alipima swichi itoshe vifaa alivyoviweka yeye kiwandani. Hakujua kwamba sisi tutaongeza vya kwetu.

Wanafunzi, tusaidieni hesabu. Balbu ya wati 35 kwenye betri ya volti 12 huvuta karibu ampea tatu. Ongeza taa mbili za wati 20 kila moja, jumla inakuwa wati 75, yaani ampea sita na ushei, hata kabla honi haijalia. Swichi ikiwa mpya, hakuna neno. Lakini vumbi, mvua na kuzungushwa ufunguo kutwa nzima huvichakaza vile vipande vya shaba vinavyogusana ndani. Vikianza kuuzuia umeme kwa kiasi kidogo tu cha omu 0.2, volti 1.2 hupotea papo hapo, na wati saba hivi za joto hubaki ndani ya kifaa cha plastiki kinachotoshea kiganjani.

Joto hilo ndilo linaloyeyusha plastiki. Na hasara haiishii hapo. Balbu ya kawaida iliyotarajia volti 12 sasa inapata 10.8. Upungufu huo wa sehemu moja kwa kumi hushusha mwangaza kwa karibu asilimia 30. Mwendeshaji akiona giza, huongeza taa nyingine! Mzigo unazidi, swichi inazidi kuungua.

Dalili zake si ngumu kutambua. Ufunguo unakuwa na joto ukiushika. Taa zinapepesa ukiutikisa. Harufu ya plastiki iliyoungua inasikika. Mwishowe pikipiki inazimika ghafla barabarani, pengine usiku, pengine ikiwa imembeba mama anayekimbizwa hospitalini.

Baya zaidi ni dawa inayotumiwa na wengi. Swichi ikifa, nyaya hukatwa na kuunganishwa moja kwa moja, na pikipiki ikawa haihitaji ufunguo tena. Hapo mwenyewe amemfungulia mwizi mlango. Tukumbuke kwamba biashara hii ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikashika kasi kwa pikipiki baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka wa 2008. Leo pikipiki moja ndiyo shamba la familia nzima. Ndiyo karo, ndiyo kodi ya nyumba, na mara nyingi bado ina mkopo.

Kuna kifaa kidogo cha kuzuia balaa hili, nacho huitwa rilei. Wapenzi wa riadha wanazijua mbio za kupokezana vijiti, na jina ni lilo hilo. Mwanasayansi Mmarekani Joseph Henry alikitengeneza mwaka wa 1835, na baadaye kikatumika kusukuma mbele ujumbe wa simu za maandishi. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Umeme kidogo ukipita, koili inageuka sumaku, inavuta kipande cha chuma, na chuma hicho kinafunga njia pana ya umeme mwingi. Kengele ya umeme mliyosoma katika fizikia hutumia sumaku ya namna hiyo hiyo.

Koili hiyo huvuta takriban ampea 0.15 tu. Kwa hivyo swichi ya ufunguo inabaki na kazi ya kutoa amri, huku mzigo mzito ukipita kando.

Rilei ya gari ya volti 12 hupatikana kwa mia chache za shilingi katika maduka ya vipuri, kwa mfano Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wanaiita Grogan. Ina miguu yenye nambari. Mguu wa 30 hupata waya mnene kutoka kwa chanya ya betri, kupitia fyuzi ya ampea 10 iliyowekwa karibu kabisa na betri. Wa 87 huenda kwa taa. Wa 85 hufungwa kwenye hasi ya betri. Wa 86 hupata waya wa swichi ya taa, ule unaozimika ufunguo ukitolewa. Ukikuta mguu wa tano, 87a, uache ulivyo. Taa kubwa yenye mwanga wa juu na wa chini huhitaji rilei mbili, moja kwa kila mwanga.

Kabla ya kuanza, ondoa waya wa hasi kwenye betri. Ukimaliza, rilei ielekeze miguu chini ili maji ya mvua yasituame ndani. Na fyuzi usiiruke hata kidogo! Waya ulio wazi ukigusa fremu bila fyuzi ni moto karibu na tangi la petroli.

Tahadhari mbili zaidi. Kwanza, baadhi ya pikipiki ndogo huwasha taa ya mbele kwa umeme wa injini, wala si wa betri. Utazijua kwa sababu taa haiwaki injini ikiwa imezimwa, na hufifia injini ikitulia. Hizo usiziguse taa yake ya mbele kwa mpango huu. Tumia rilei kwa taa za ziada pekee. Pili, rilei haizai umeme. Ukiwa stejini, zima madoido, la sivyo betri itakufa ukiitazama.

Nawe mzazi au mwanafunzi unayerudi nyumbani usiku kwa bodaboda, una haki ya kutazama taa kabla ya kupanda. Ikiwa inapepesa, mwambie mwendeshaji kwa upole, umpe na habari hizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa hapa ni pikipiki nzima.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.