Chombo Hakimfukuzi Fundi

Umezuka uvumi ambao sasa umeingia hata madarasani. Husemwa kwamba mashine zenye akili unde huandika programu za kompyuta zenyewe, kwa hiyo kijana ajifunzaye kazi hiyo anapoteza wakati wake. Juzi mwanafunzi wangu mmoja, hodari wa hesabu, alinijia akitaka kuliacha somo la kompyuta kwa sababu hiyo. Uvumi unaomnyang'anya mtoto elimu haustahili kunyamaziwa.

Wala si uvumi mpya. Zamani mtunzi wa programu aliiagiza kompyuta kwa tarakimu na alama ngumu, hatua kwa hatua. Mwaka 1954 John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM, nchini Marekani, walipokuwa wakiunda lugha iitwayo Fortran, walitumaini kwamba ingekaribia kuiondoa kabisa kazi ya kuandika maagizo na kusahihisha makosa. Fortran ilitolewa mwaka 1957. Mwaka 1960 ikafuata Cobol, iliyotumia maneno ya Kiingereza cha kawaida. Je, watunzi walitoweka? Hasha! Kazi ilipokuwa nyepesi, walioihitaji walizidi: mabenki, hospitali, viwanja vya ndege, na hatimaye simu zilizomo mifukoni mwetu. Watunzi waliokuwa wachache wakawa mamilioni.

Sababu yake si fumbo. Kuandika maagizo ni nusu ya kazi. Nusu iliyo nzito ni kujua la kuagiza. Chukua shilingi 100, uzigawe sawasawa kwa watu watatu. Kila mmoja atapata shilingi 33 na senti 33, na senti moja itabaki. Ni ya nani? Mashine itakuandikia jibu lo lote kwa kufumba na kufumbua, lakini haki ya senti ile haimo katika mashine. Imo katika mapatano ya watu. Zidisha senti hiyo kwa malipo milioni moja, uone shilingi 10,000 zikimtafuta mwenyewe.

Sikatai kwamba wako watakaoumia. Mtu ambaye ujuzi wake wote ni kunakili asiyoyaelewa atashindwa na mashine, maana yenyewe hunakili upesi kuliko yeye. Lakini dawa ya hayo ni kujua zaidi, si kujua kidogo. Mashine hizi hukosea kwa ufasaha mkubwa. Nani atalitambua kosa ikiwa sote tumeitupa elimu?

Tena tuwapime wasemao. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Auzaye chombo hupenda mnunuzi aamini kwamba fundi hahitajiwi tena.

Basi, kijana msomaji, kishike chombo wala usikiogope, lakini usiiweke akili yako rehani kwacho. Taifa lisilo na watu wa kuzihoji mashine zake litakuwa mtumwa wa wale waliozitengeneza. Mwanafunzi wangu nilimrudisha darasani, nikamwambia hivi: chombo hakimfukuzi fundi; humfichua asiye fundi.