Kujitolea Hakuondoi Hesabu

Mwenye kuwatumikia watu bila ujira anastahili shukrani. Lakini je, kukosa ujira kwamwondolea wajibu wa kutoa hesabu? La hasha!

Tuitazame Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2001. Wasimamizi wake hujitolea tu. Hufuta matusi na uzushi, na huwafungia wavurugaji. Lawama huwafikia kila siku, shukrani kwa nadra; basi wengi huchoka, wakaondoka kimya kimya.

Na pale wema wanapoondoka, nafasi hubaki kwa wapenda madaraka. Katika Wikipedia ya Kikroeshia, kikundi kidogo cha wasimamizi kilishika hatamu kwa miaka mingi, kikapotosha historia na kuwafungia waliokipinga. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwaonya wanafunzi wasiitegemee. Hata hivyo, ilipita miaka kadhaa kabla kikundi hicho hakijang'olewa, na mwaka 2021 ripoti iliyotolewa na shirika la Wikimedia ilithibitisha upotoshaji huo.

Dawa ipo. Wikipedia ya Kiswidi huwapigia kura upya wasimamizi wake kila mwaka. Kwa utaratibu huo, aliyechoka hupata mlango wa kutoka kwa heshima, na aliyedhulumu huulizwa.

Hapana budi kila penye watumishi wa kujitolea pawe na mambo haya mawili pamoja: zamu ya kupumzika na siku ya kuhesabiwa. Kumnyima mtu la kwanza ni kumdhulumu yeye. Kumsamehe la pili ni kuwadhulumu wale anaowatumikia.