Mwacheni Gorong'ondwa Ukutani

Walimu watarajiwa wenzangu, fildi inakaribia na najua wengi tunakwenda na mpango uleule: kukamata mjusi, kumtia kwenye boksi, kumweka mezani na kusema, "Huyu ni reptilia." Napinga. Na sipingi kwa huruma tu, napinga kwa biolojia yenyewe.

Kwenye simu zetu zimejaa video za mijusi wa Australia wenye madevu, wanaofugwa majumbani Ulaya na Marekani. Ukimwona katulia begani kwa mtu unadhani kazi ni rahisi. Wapi! Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe, kwa hiyo lazima awekewe taa ya joto upande mmoja wa kizimba na kivuli upande wa pili. Bila joto, hata chakula tumboni hakisagiki vizuri. Anahitaji pia taa ya mionzi ya urujuanimno ili mwili utengeneze vitamini D na kufyonza kalsiamu. Akiikosa, mifupa inalainika, taya linapinda, miguu inatetemeka. Akiwa mdogo anakula zaidi wadudu, tena waliopakwa unga wa kalsiamu. Akikomaa, majani yanachukua nafasi kubwa. Bili ya umeme peke yake ingemaliza bumu.

Sasa njoo Dumila. Gorong'ondwa wetu ni wa familia moja na huyo wa Australia, Agamidae, ila yeye jua, joto na msosi anavipata bure. Asubuhi yuko juu ya tofali anaota jua. Joto likizidi anaingia kwenye ufa. Anakula mchwa, sisimizi na panzi. Msimu wa kuzaliana dume linang'aa rangi na kupiga pushapu kuwatisha wenzake. Ukimtia kwenye boksi umemnyang'anya vyote hivyo. Wanafunzi wataona mjusi aliyesinyaa, nasi tutawaambia ndivyo alivyo.

Mtaniuliza: darasa la watoto themanini utalitoaje nje? Swali la haki. Wagawe makundi, kila kundi na zamu yake ya dakika kumi. Mjusi yuko wapi saa mbili? Saa sita je? Kala nini, mara ngapi? Baada ya wiki mbili una jedwali, una grafu, na hujanunua kifaa hata kimoja. Tena Dumila ni mji wa nyanya na vitunguu, na watoto wengi wanajua dawa inavyopulizwa shambani. Waulize: mjusi akila mdudu mwenye sumu, nini kinampata? Na akiisha, wale wadudu atawala nani?

Kuna jambo la mwisho. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mpango wa 2022 wa kuruhusu waliobaki mikononi mwa wafanyabiashara wauzwe nje ukazuiwa upesi. Vinyonga na mijusi wetu walikuwa bidhaa ya vizimba vya ughaibuni. Mtoto atajifunzaje kuwathamini kama mwalimu wake ndiye wa kwanza kuwafungia?

Ombi langu kwa wakufunzi wanaokuja kutukagua: mkikuta darasa liko uani limekodolea ukuta macho, msikate alama. Hapo ndipo kipindi kinapoendelea.