Mtoto wa mlevi haumizwi na kipigo peke yake

Msimu wa korosho ukifika Kitangari na kwingineko Newala, mabibo huwa mengi kuliko walaji. Mengi hukamuliwa yakawa uraka, na uraka ukipikwa hutoa nipa. Pombe huwa rahisi, na minada ya korosho ikishaanza fedha nazo huingia nyumbani, katika miezi ileile ya mitihani ya kufunga mwaka shuleni. Madhara ya ulevi huwa tunayapima kwa kipigo na kwa fedha zilizoteketea kilabuni. Kwa mtoto mdogo vipimo hivyo havitoshi, maana linalomtesa kila siku ni kutojua. Baba aliyemchekea asubuhi anaweza kurudi usiku akitukana, na kesho yake asikumbuke lolote. Mtoto wa miaka mitano katika nyumba hiyo hujifunza kusoma mwendo wa mtu anayekuja kabla hajajua kusoma herufi. Hulala akisikiliza. Na kwa kuwa hajui pombe inamfanya nini mtu mzima, hudhani yeye ndiye aliyekosea. Darasani mwalimu humwona mvivu au mtundu, kumbe hana usingizi.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha maelfu ya watu wazima wa California. Kuishi utotoni na mlevi kulikuwa miongoni mwa madhila waliyoyachunguza, na kadiri madhila yalivyorundikana, ndivyo maradhi ya moyo, sonona na ulevi wenyewe vilivyoongezeka ukubwani. California si Newala, ni kweli, lakini sioni kwa nini hofu ya usiku imdhuru mtoto wa huko na kumwacha wa kwetu salama.

Wapo watakaosema uraka ni kinywaji cha asili, na kwamba akina mama wengi hununua madaftari ya watoto kwa fedha za pombe hiyo. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana sidai mabibo yaozee shambani. Anayekunywa akarudi nyumbani na akili zake simsemi. Dhaifu zaidi ni ile hoja ya kwamba mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Huku kwetu Umakondeni, ambako ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, mjomba hakuwa mgeni katika malezi ya wapwa zake. Kuingilia kwake kulikuwa wajibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamhesabu mtoto aliye mikononi mwa mzazi asiyefaa kwa sababu ya ulevi kuwa anahitaji matunzo na ulinzi, na inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali za mitaa. Basi mjomba, jirani, mwalimu: msingoje mtoto aje na jeraha. Mpeni pa kulala usiku huo, zungumzeni na mzazi akiwa hajanywa, na asiposikia nendeni ofisi ya kijiji au pigeni 116, namba ya huduma kwa mtoto.