Bagamoyo: 'Yuko Kwenye Siku Zake' Si Jibu la Kila Ugomvi Chuoni

Bagamoyo ni mji mdogo, lakini vyuo vipo. Kuna TaSUBa ya wasanii, ADEM ya viongozi wa elimu na chuo cha uvuvi pale Mbegani. Vijana wanatoka kila mkoa, wanapanga vyumba mtaani, wanapendana, wanagombana. Na kila mahali penye vijana kuna ile kauli inayofunga mjadala: "Achana naye, yuko kwenye siku zake."

Kauli hiyo ina ukweli nusu tu.

Baada ya yai kupevuka, homoni za mwanamke hupanda, kisha hushuka siku chache kabla ya hedhi. Ndipo wengine hukosa usingizi, hulia kwa jambo dogo au hukasirika haraka. Kwa wengi hali hiyo hupungua damu ikishaanza kutoka. Kwa hiyo anayenuna akiwa hedhini mara nyingi ana sababu nyingine kabisa: tumbo linamkata, hakulala, au anaogopa kuchafua nguo mbele ya darasa. Hebu fikiria mwanafunzi wa ngoma mwenye mazoezi ya kuruka asubuhi nzima!

Tatizo linaanza pale hedhi inapogeuzwa kisingizio. Jamaa kaahidi kuja, kazima simu, kesho yake anaulizwa. Badala ya kujibu anacheka: "Mwezi umefika nini?" Hapo hasira ya haki imefutwa kwa utani. Binti akiambiwa hivyo mara tatu anaacha kuuliza, wanachuniana, na uhusiano unakufa bila mtu kusema kilichouua. Mwenye maumivu ya kweli naye anaambiwa anadeka.

Kuna njia rahisi ya kujua lipi ni lipi. Andika tarehe na hali yako kila siku kwa mizunguko miwili, hata kwenye simu. Kama huzuni inakuja siku zilezile kabla ya hedhi na kuondoka, mzunguko unahusika. Kama ipo mwezi mzima, tafuta chanzo kingine, na huenda chanzo ni huyohuyo jamaa.

Pwani hii haikuwa bubu kuhusu mambo haya. Kwa Wazaramo na Wakwere, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi. Wanawake wa pwani wanazijua shanga: nyekundu zikionekana chumbani, mume anaelewa bila kuambiwa. Unyago una lawama zake, hasa ule uliowakatisha mabinti masomo, lakini angalau wawili walikuwa na lugha. Mwanachuo wa leo ana simu janja, ila "leo niko hedhini, sina nguvu" inamshinda kuandika.

Ramadhani ndiyo inafichua zaidi. Mwenye hedhi hafungi, atalipa siku zake baadaye. Lakini kwenye chumba cha watu wanne atakula wapi? Wapo wanaokunywa maji chooni ili wasiulizwe. Mtu akishinda hivyo, jioni akajibu kwa mkato, wa kulaumiwa si homoni.

Halafu kuna pesa. Serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike Julai 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei haikumshukia mnunuzi. Asiye na bumu, au ambaye bumu limekata, anamwomba mpenzi wake. Wapo wanaonunua kwa moyo mweupe, hao wapewe maua yao. Wapo pia wanaoweka hesabu, na mwisho wa mwezi pakiti moja imegeuka deni la kulipwa kitandani. Hapo tena hakuna mapenzi.

Wachache hali yao ni nzito kuliko kununa: kila mwezi kabla ya hedhi wanakata tamaa kabisa, wengine wanawaza hata kujiua. Huo ni ugonjwa unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani na una tiba. Anayejiona hapo asisubiri damu ianze ndipo apate nafuu. Aende hospitali na ile orodha yake ya tarehe, maana daktari ataiulizia. Kwa maumivu ya tumbo, ibuprofen husaidia wengi, ila mwenye vidonda vya tumbo amuulize kwanza mfamasia.