Msimchukulie Mzee Simu, Mfundisheni



Mwenzetu anapostaafu tunampa mkono, tunamnunulia soda, tunamwambia maneno mazuri. Kesho yake anabaki nyumbani na simu ndogo mfukoni. Je, anajua kuitumia? Swali hili linakihusu chama.

Tutazame mambo yalivyo. Hapa Rwanda fedha zinatumwa kwa simu tangu mwaka 2010. Tangu 2015 huduma nyingi za serikali zinaombwa kwa Irembo, na asiye na intaneti anabonyeza *909#. Akiba ya uzeeni ya Ejo Heza, iliyoanza 2018, inafunguliwa kwa *506#. Hata mituweli inalipwa kwa simu. Hatuyapingi mambo haya, maana yametupunguzia safari na foleni. Lakini yamemwacha nyuma yule aliyezoea kupokea mshahara mkononi, dirishani, na kutia kidole.

Namjua mzee mmoja wa hapa Rubavu, aliyechuma chai zaidi ya miaka thelathini. Macho yake yamepungua nguvu. Kila alipotaka kutoa fedha, alimpa kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri. Fedha zikawa zinapungua kidogo kidogo. Mzee alitambua, lakini alinyamaza. Akimkosa kijana yule, nani mwingine angemsaidia? Ndugu zangu, mzee huyu hakuponzwa na simu. Aliponzwa na upweke.

Wako wanaosema wazee hawawezi kujifunza. Si kweli! Mkono uliojua kuchagua majani mawili na chipukizi, tangu asubuhi hadi jioni, utashindwaje na vitufe kumi na viwili? Kiwandani nako mashine zimebadilishwa mara ngapi, na wazee wetu wakaziendesha? Walifundishwa na nani? Na mwenzao wa zamu, aliyesimama kando yao na kuwaambia: jaribu tena.

Msaada ni wa namna mbili. Wa kwanza anaichukua simu, anabonyeza upesi, anairudisha. Mzee hakuona kitu, na kesho atarudi kuomba. Wa pili anaiacha simu mikononi mwa mzee, naye anaelekeza kwa mdomo tu. Unachukua muda, lakini huo ndio unaomkomboa mtu.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya watoto wake. Watoto wengi wako Kigali, wengine wamevuka kwenda Goma kutafuta riziki. Serikali nayo mwaka 2017 ilianzisha mpango wa vijana wa kuwafundisha wananchi teknolojia. Ni jambo jema. Lakini mwalimu huja na kuondoka, na mzee husahau siku ya tatu. Anayebaki ni jirani na mwenzake wa kazi.

Kwa hiyo natoa mashauri haya. Kila kikosi shambani na kila idara kiwandani ichague wenzetu wawili waaminifu. Waanze na anayekaribia kustaafu, mwaka mmoja kabla. Wamfundishe kutazama salio, kusoma ujumbe kabla ya kubonyeza, na kutuma faranga 100 tu kwa majaribio, hata mara kumi. Waliokwisha kustaafu tukutane nao baada ya umuganda na katika ikimina. Na sheria iwe moja: namba ya siri haiombwi na mtu yeyote, awe mtoto, wakala au kiongozi wa chama.

Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 ya mshahara hadi 12, nusu yake ikilipwa na mwajiri. Tunachanga zaidi kwa ajili ya uzee wetu. Itakuwa aibu iwapo siku ya kuvuna tutampa mtu mwingine ufunguo wa ghala.

Leo ni zamu ya mzee yule. Kesho ni yangu na yako. Mkono mmoja haulei mwana, wala haumtunzi mzee.