Kisukari ni cha Baba, Sufuria ni ya Wote

Ukishapata namba ya usajili wa chuo, ukoo mzima unakuhesabu daktari. Haijalishi unasoma nini. Mimi nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili, lakini mwezi Julai picha ya majibu ya maabara ililetwa kwangu WhatsApp na swali moja tu: "Mwanangu, hii 11.2 maana yake nini?"

Maana yake ni kisukari aina ya pili. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi, na kikirudiwa kikawa hivyohivyo, jina lake ndilo hilo. Baba ana miaka 51, ni fundi cherehani Morogoro, anakaa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi mpaka jua lizame. Alipewa vidonge vya metformin na ushauri wa dakika chache: punguza wanga, acha sukari, fanya mazoezi.

Sisi wa elimu tunajua kwamba huko si kufundisha. Ni sawa na kumwambia mtoto wa darasa la tatu "ongeza bidii kwenye hesabu" halafu ukafunga daftari. Apunguze kutoka wapi mpaka wapi? Baba alielewa alivyoweza. Akaacha sukari kwenye chai, akaendelea na mlima wa ugali mchana na usiku, ila sasa wa dona, kwa sababu mtaa mzima unasema dona ni ugali wa wenye sukari.

Hapo ndipo nina ugomvi. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, sawa, lakini ni mahindi yaleyale na wanga wake unageuka sukari kwenye damu. Ulezi nao vivyo hivyo, na muhogo ndiyo usiseme. Tunabadilisha rangi ya ugali, kipimo hatukigusi. Halafu kuna juisi ya miwa, eti ya asili! Soda ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari, na miwa haiko nyuma.

Kanuni inayoeleweka ni ya sahani: nusu mboga za majani, robo maharage, dagaa, samaki au nyama, robo iliyobaki ndiyo ugali au wali. Ni rahisi kuikariri. Ila jaribu kuitekeleza nyumbani ambako watu sita wanakula sinia moja. Robo ya nani? Nani anahesabu matonge?

Suluhisho la kwanza la nyumbani lilikuwa sufuria mbili, ya mgonjwa na ya wazima. Baba akawa anakula pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa, huku pilau ya wenzake inanukia. Alivumilia wiki mbili. Msimamo wangu, na nimebishana sana juu yake likizo nzima, ni kwamba chakula cha mgonjwa wa kisukari kiwe chakula cha nyumba nzima. Sisi watoto wake tuna hatari kubwa zaidi ya kuupata ugonjwa huohuo kuliko watu wasio nao kwenye familia, kwa hiyo hakuna anayefanyiwa hisani hapo. Mama ndiye alikuwa mgumu. "Mwanaume ashibe mchicha? Wageni wakija watasema tumefilisika." Sikumcheka. Kwetu wingi wa ugali ndiyo heshima ya mpishi, na hakuna karatasi ya kliniki inayoligusa jambo hilo.

Tukakubaliana: kila mtu sahani yake, ugali usizidi ngumi, matembele na mchicha viongezwe mara mbili. Baada ya chakula cha mchana na cha usiku baba anatembea dakika 15 kabla ya kurudi kwenye cherehani au kwenda kulala. Misuli inayofanya kazi inaivuta sukari kutoka kwenye damu. Jezi wala kiwanja havihitajiki.

Je, inafaa kitu? Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotoa matokeo yake 2017, uliwachukua watu waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita, wakala mlo mdogo sana kwa miezi mitatu hadi mitano chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, karibu nusu yao walikuwa nje ya kiwango cha kisukari bila dawa. Ule mlo wao wa pakiti hatuuwezi, lakini neno la maana pale ni *mapema*. Na kutoka nje ya kiwango si kupona. Uzito ukirudi, sukari nayo inarudi. Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya mizizi ya "kumaliza kisukari siku 21", mkimbie, hasa akikwambia uache vidonge. Na kama mgonjwa wako anatumia insulini au glibenclamide, usimkatie chakula ghafla bila kuongea na kliniki. Sukari ikishuka sana inaangusha mtu, na inaweza kuua.

Oktoba baba alipima 7.4. Vidonge bado anameza, na bado ananung'unika kuhusu chapati.

Sasa tuje chuoni. Kantini yetu sahani ni moja: ugali au wali umejaa, mboga kijiko kimoja, soda pembeni, maji unanunua. Ukiomba ugali nusu na mboga mara mbili, mboga inalipiwa juu, na ugali uliopunguzwa haupunguzi bei. Tuna wenzetu humu wenye kisukari, na bumu ni lilelile. Mkataba wa kantini unapojadiliwa, serikali ya wanafunzi iombe vitu viwili tu: mteja aruhusiwe kubadilishana ugali na mboga kwa bei ileile, na liwekwe pipa la maji safi ya bure mlangoni. Mama lishe wa nje ya geti tayari anakubali kubadilisha, ukimwomba vizuri kabla hajapakua.